Majibu ya Mwanaheri

Mwanaheri alipoteremka kutoka Kinole kuja kuanza kidato cha kwanza Kihonda, kwa mjomba wake Twalibu, alikuwa tayari mrefu kuliko kila mtu katika nyumba ile. Mjomba, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, alimtazama amesimama mlangoni na begi lake, akasema huyu mtoto anafaa, atamshikia nondo za juu bila kupanda ngazi. Alisema kwa mapenzi, na Mwanaheri akacheka. Alikuwa amezoea. Kule kwao mlimani msichana mwembamba kama yeye huulizwa kwanza kama ameugua, kisha kama ana minyoo, kisha anaulizwa mama yake anampa nini. Wa mjini hawakumwuliza kitu. Walimpa jina tu. Shule haijamaliza wiki, wakamwita Ngongoti, kama wale wachezaji ngoma wanaotembea juu ya miti, na jina likamkaa.

Jina lenyewe halikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni ulimi wake. Akifungua mdomo darasani, Kiluguru kilipanda na kushuka ndani ya Kiswahili chake, na wenzake, ambao walisema kama watoto wa Dar hata kama Dar hawajafika, walimrudishia maneno yake kwa mwendo uleule, wakacheka. Basi akaacha kusema. Walimu walipomwuliza alijibu kwa maneno mawili matatu akaketi. Miaka miwili ikapita hivyo, na watu wakamchukulia kuwa mpole.

Hakuwa mpole. Alikuwa na maneno mengi yasiyo na pa kutokea.

Pakapatikana kidato cha tatu, alipokuja mwalimu mpya wa Kiswahili, Madam Theresia, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, asiyependa kubeba madaftari. Alifunga kamba kwenye ukuta wa nyuma wa darasa, akaleta vibanio vya nguo, akatangaza utaratibu wake. Ijumaa moja mtaandika, Ijumaa inayofuata mtasomana. Kila mmoja aandike insha juu ya jambo la kawaida la maisha yake, asilete faida za misitu wala athari za utandawazi, aibane kwenye kamba na jina lake lionekane. Kisha kila mmoja achague insha za wenzake, azisome, aandike jibu kwenye kipande cha karatasi na kukibana chini yake. Na jibu nalo liwe na jina.

"Usimsahihishe mwenzako," aliwaambia. "Kusahihisha ni kazi yangu. Wewe mwambie ulichokiona."

Mwanzoni majibu yalikuwa makavu. Kazi nzuri, endelea hivyo. Nimeipenda sana. Leonard, kijana wa dawati la mbele mwenye kupenda mzaha, aliandika "Safi" kwenye vipande kadhaa kwa mpigo, akavibana bila hata kusoma majina. Majibu ya Mwanaheri ndiyo yaliyoanza kuwasimamisha watu. Kwenye karatasi hakuna aliyemsikia lafudhi. Aliandika kwa kasi na kwa ukali mtamu. Aliyesimulia jinsi alivyokimbizwa na mbwa alijibiwa kwamba kwa mwendo ule mbwa ndiye aliyestahili kuandika insha. Aliyeeleza maisha ya kulala kitanda kimoja na kaka zake alishauriwa aombe hati ya kiwanja. Ijumaa ya kusomana ikifika, wenzake walipita kwenye insha haraka haraka wakitafuta jibu la Ngongoti liko wapi. Walisoma kwa sauti, wakapigana viganja. Kwa mara ya kwanza tangu aje mjini watu walimngoja yeye aseme, na alilipenda jambo hilo kuliko alivyowahi kupenda kitu chochote pale shuleni.

Katika darasa hilo alikuwemo Drashti. Baba yake, Nikunj, alikuwa na kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti palepale Kihonda, na familia iliishi nyuma ya kiwanda. Mtu aliyedhani kwamba Mhindi lazima aseme Kiswahili cha dukani alishangaa mara ya kwanza kumsikia Drashti. Alizaliwa Morogoro, akakua na watoto wa vibarua wa baba yake, na mitaani hakuna neno jipya lililompita. Alikuwa msichana wa kimo cha kati, mwenye mwili, mcheshi, asiye na rafiki mmoja wa kudumu kwa sababu alikuwa rafiki wa wote.

Ijumaa moja Drashti alibana insha aliyoiita "Blauzi". Ilikuwa kurasa mbili. Alieleza kwamba binamu yake ataolewa Dar, na mama yake, Vijaya, amemshonea blauzi ya sari ya kuvaa siku hiyo, akamwagiza fundi aishone kwa kipimo kidogo kuliko kile alichompima. Blauzi inaning'inia kwenye mlango wa kabati, sebuleni. Kila anayepita anaigusa. Chakula kikiandaliwa, chapati za kaka yake Ritesh zinapakwa samli, zake hazipakwi, na hakuna anayesema kwa nini. Shangazi zake wakipiga simu ya video kutoka Dar, baada ya salamu humwambia asimame ageuke, kisha humwomba mama yake naye aionyeshe blauzi, ili waone vyote viwili pamoja. Insha iliisha kwa kusema kwamba siku hizi akiingia nyumbani huamkia wazazi, kisha huiamkia blauzi, kwa sababu nayo imekuwa mtu mzima wa nyumba.

Mwanaheri aliisoma amesimama, huku nyuma yake kuna watu wanaosubiri. Akaandika jibu dakika hiyohiyo, akiegemeza karatasi ukutani: "Mpendwa Drashti, kwako kilo zimezidi, kwangu zimepungua. Njoo tukae kwenye mizani tugawane kama ndugu. Nyama za mkono wako wa kushoto peke yake zinanitosha kuanzia maisha. Wako, Ngongoti."

Leonard alilisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Darasa lilicheka hadi mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Drashti naye alicheka. Alimwelekea Mwanaheri akampa tano, akasema, "Umeua, Ngongoti." Waliporudi kutoka mapumziko ya mchana, kibanio kilikuwa kimebaki kwenye kamba peke yake. Insha haikuwepo, wala jibu.

Mwanaheri aliliona hilo, akajiambia kwamba labda upepo. Lakini Ijumaa zilizofuata Drashti aliandika jinsi ya kubadilisha mtungi wa gesi. Kisha akaandika jinsi ya kupika chai ya maziwa isimwagike. Zilikuwa insha safi, zenye hatua zote, na ndani yake hakukuwa na mtu hata mmoja. Watu walizijibu kazi nzuri, endelea hivyo.

Madam Theresia hakusema kitu mbele ya darasa. Alimwita Mwanaheri siku moja barazani, nje ya ofisi ya walimu. Mwanaheri akaenda, akaamkia shikamoo, akasimama na mikono nyuma. Mwalimu alimwuliza kama anaikumbuka ile insha ya Drashti, ya kabla ya mtungi wa gesi. Akasema anaikumbuka.

"Kulikuwa na kitu kinaning'inia kwenye mlango wa kabati. Kitu gani?"

Mwanaheri alitafuta kichwani. Alikumbuka harusi. Alikumbuka chapati. Akasema labda nguo.

"Na alisema anataka kupunguza kilo ngapi?"

Mwanaheri akakisia.

"Neno kilo hakuliandika popote," mwalimu alisema. "Wala hakuandika kwamba ni mnene. Niliisoma mara mbili kabla haijatoweka, ndiyo maana nakwambia. Ulijibu insha ambayo hakuiandika."

Hakumpa adhabu. Alimwambia aende, kengele italia sasa hivi. Mwanaheri angependelea fimbo, kwa sababu fimbo ina mwisho wake. Usiku ule alikula kidogo, na mke wa mjomba, Mama Zuleha, akamwuliza kama tumbo linamsumbua. Akasema hapana.

Siku ya pili alimvizia Drashti bombani, akiosha chombo chake cha chakula. Alikuwa amepanga maneno, lakini yalipotoka kwa mdomo badala ya kalamu yalijikunja. Alisema samahani kwa lile jibu, ulikuwa utani tu. Kisha, kwa kuona samahani peke yake ni fupi, akaongeza, "Wewe mbona mzuri tu. Wala huhitaji kupungua."

Drashti alifunga bomba.

"Sikuuliza kama mimi ni mzuri," alisema. Hakuonyesha hasira, alisema kama mtu anayeelekeza njia. "Nilikuwa naeleza kuhusu ile blauzi."

Akakung'uta chombo chake maji, akaondoka. Baada ya hapo waliendelea kusalimiana kila asubuhi kama watu wa mtaa mmoja, na hapakuwa na zaidi.

Likizo ya Juni ikafika, Mwanaheri akapanda kwao Kinole. Bibi yake mzaa mama alikuwa amekwisha kuamua jambo. Mjukuu amekua, amevunja ungo siku nyingi, na bado hajachezwa unyago kwa sababu ya shule. Shule ina mwaka mzima, Bibi alisema, mwezi huu mmoja ni wake. Mama yake Mwanaheri akakubali, na mjomba Twalibu, ambaye kwa desturi ya Waluguru ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, alipopigiwa simu akasema wafanye, bora siku ya kufungua shule mtoto awe darasani.

Akawekwa ndani. Yaliyofundishwa mle si ya kusimuliwa, na Mwanaheri mwenyewe hakuwahi kuyasimulia. Chakula chake ndicho kinachosimulika. Alfajiri uji wenye karanga. Baadaye ndizi za nazi. Mchana ugali na supu ya kuku, na jioni tena ndizi, au shelisheli la kuchemsha, na katikati ya hapo kila mwenye mkono alikuja na kitu. Haruhusiwi kutembea juani, haruhusiwi kazi. Na kila siku waliingia wanawake wa ukoo kumwona. Waliketi mkekani, wakamshika mkono juu ya kiwiko, wakaupima kwa vidole, wakatazamana. Bado, walisema siku za mwanzo. Baadaye wakasema anaanza kuitika. Walimwambia Bibi, hawakumwambia yeye, na Bibi aliyapokea kama mkulima anayesifiwa mahindi yake.

Ni siku mojawapo ya hizo, mkono wake ukiwa kwenye vidole vya mama mmoja ambaye hata jina hakulijua, ndipo Mwanaheri alipoikumbuka blauzi ya mlangoni. Aliikumbuka yote, kila aliyepita anavyoigusa, na shangazi wa kwenye simu. Alijiona mwenyewe ananing'inia pale. Aliona aibu, si kwa ajili ya mkono wake bali kwa ajili ya lile jibu.

Lakini palikuwa na jambo jingine, na hilo lilimshinda kulielewa. Alikuwa anafurahi. Hajawahi maishani mwake kuambiwa kwamba mwili wake unapendeza, na sasa anaambiwa asubuhi na jioni. Mashavu yalijaa. Ngozi, kwa kukaa kivulini, ikalainika na kung'aa. Siku ya kutolewa walimvika khanga mpya na shanga, akapandishwa mabegani mwa mama mkubwa mmoja mwenye nguvu, vigelegele vikafika ng'ambo ya bonde, na yeye juu kule aliona watu wote wanamtazama na hakutamani kuwa mfupi. Bibi alilia. Mwanaheri alijua kwamba siku ile, kwa kila aliyekuwepo, yeye alikuwa mzuri, na alikuwa tayari kurudia mwezi mzima wa ndizi kwa ajili ya siku moja kama hiyo.

Kisha akateremka Kihonda. Sketi ya shule ilikataa kufungika, ikabidi Mama Zuleha aifumue pembeni. Darasani wasichana walimwambia amenenepa, Ngongoti vipi, na hawakusema kwa vigelegele. Wengine walimwuliza kama ana mimba. Akarudi kwenye maisha yake ya kawaida, kutembea kwenda shule na kurudi, kuchota maji, kumbeba Zuleha mdogo, na kabla ya Septemba mwili wake ulikuwa umerudi ulikotoka. Bibi alionyeshwa picha yake, akapiga simu, akamwuliza mjomba Twalibu kama pale nyumbani wanapika. Mama Zuleha akanuna siku mbili. Sketi ikashonwa upya.

Mwanaheri aliyaandika hayo. Aliandika insha ndefu kuliko zote alizowahi kubana, akaiita "Nilivyonenepa Juni". Aliacha yote yasiyopaswa kusemwa, akaandika chakula na vidole vya kina mama, na mabega ya yule mama mkubwa. Aliandika pia kwamba alifurahi, kisha akaikata sentensi hiyo, kisha akaiandika tena. Alijua wenzake watasema nini juu ya mambo ya unyago. Wengine walichezwa pia, lakini hakuna aliyetamka hilo mjini. Ijumaa asubuhi, kabla darasa halijajaa, aliibana kwenye kamba.

Majibu yalikuja kama alivyotarajia. Hongera mwali. Kazi nzuri. Mmoja alisema kumbe ulikuwa unanenepeshwa kama kuku wa sikukuu, na watu wakacheka, na Mwanaheri akacheka pamoja nao kwa sababu alikuwa hajui la kufanya na uso wake. Alipokuwa anacheka alimkumbuka Drashti akimpa tano. Akajua sasa kile kicheko kilikuwa cha namna gani.

Jibu la Drashti halikubanwa siku ile. Lilibanwa Jumatatu, na halikuwa kipande. Lilikuwa karatasi nzima.

"Nimesoma mara tatu," aliandika. "Mara mbili pale ukutani na mara moja nyumbani, maana niliichukua Ijumaa na leo nimeirudisha, samahani. Nimeona mambo haya. Wale kina mama walipokushika mkono hujasema kama mikono yao ilikuwa ya baridi au ya moto. Walipokusifu walimtazama Bibi yako. Je, kuna aliyekutazama wewe? Pale uliposema ulifurahi, naona umekata ukaandika tena. Mimi hapo ndipo nilipokuamini. Siku moja mkono mmoja wa blauzi uliingia wote, nikafurahi siku nzima, na sikumwambia mtu kwa sababu nilikuwa nimeapa kuichukia. Sijui tufanye nini na furaha za namna hiyo. Drashti."

Mwanaheri alilibandua jibu akaliweka ndani ya daftari la jiografia. Hakuweza kulijibu kwa maandishi. Mchana walipotoka alimfuata Drashti njiani, akamwuliza kama anaweza kuisoma tena insha ya blauzi. Drashti akasema haipo, aliichana siku ileile akaitupa chooni. Wakatembea kidogo. Kisha akasema, "Ila naikumbuka. Ukitaka nitakuambia."

Walikwenda kukaa nyuma ya kiwanda, juu ya magunia ya mashudu ya alizeti yanayongoja wafugaji, mahali ambapo hewa yenyewe ina mafuta. Vijaya alipita, Mwanaheri akamwamkia, naye akaitikia marahaba, akawaletea chai na sahani ya vitafunio, akarudi ndani. Drashti akasimulia. Mara hii Mwanaheri hakusema neno mpaka mwisho. Alikuwa na maswali, akayauliza moja moja, kwa sauti yake ileile ya kupanda na kushuka. Fundi alisema nini alipoambiwa ashone ndogo? Blauzi ilikuwa rangi gani? Mama yako naye alipokuwa msichana, alitundikiwa blauzi?

 Kwa swali hilo la mwisho Drashti alisema atauliza.

Harusi ilikuwa imekwisha kupita kitambo, Agosti. Mwanaheri aliuliza iliishaje. Drashti alisema blauzi haikuingia. Siku yenyewe asubuhi, Dar, nyumba imejaa watu, blauzi ilikataa mgongoni, na mama yake alisimama akaitazama, kisha akamwita fundi wa jirani. Fundi akafumua mishono ya pembeni, kitambaa cha akiba kilikuwepo ndani muda wote, akashona upya kabla chai haijapoa. Akavaa, akacheza mpaka miguu ikavimba.

"Kitambaa kilikuwepo ndani?" Mwanaheri aliuliza.

"Kilikuwepo. Mama ndiye aliyemwambia fundi wa kwanza akiache." Drashti akachukua kitafunio. "Kwa hiyo alijua tangu mwanzo. Hilo ndilo sijaelewa mpaka leo, sijui nimkasirikie au nimshukuru."

Mwanaheri hakumwambia amkasirikie wala amshukuru. Alisema angependa kuisoma hiyo, ikiandikwa. Drashti akasema ataona. Aliiandika muhula ule ule, na haikuishia chooni.

Urafiki wao haukuwa wa kuambatana kutwa. Drashti alibaki rafiki wa wote na Mwanaheri alibaki msemaji mdogo. Lakini Ijumaa za kusomana zilibadilika, kwanza kwao wawili, kisha taratibu kwa wachache wengine. Mwishoni mwa mwaka Leonard, ambaye siku zote aliandika juu ya mpira, alibana nusu ukurasa kuhusu vyuma anavyonyanyua uani kwao, vilivyotengenezwa kwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Aliandika kwamba ananyanyua tangu mwaka jana na kifua hakijabadilika, na kwamba hafungui kifungo cha juu cha shati hata kukiwa na joto la namna gani. Mwanaheri alikuwa wa kwanza kuisoma. Utani ulimjia palepale, utani mzuri, ambao ungelitikisa darasa. Alikaa nao. Akaisoma insha mara ya pili, kisha akaandika kwamba ameona kifungo, na kwamba angependa kujua nani alisema nini mpaka kikafungwa.

Leonard hakujibu kwa karatasi. Siku chache baadaye, wakifagia darasa zamu moja, alimwambia ni kaka yake, na ilikuwa mtoni, mbele ya watu. Alisema hayo tu, akaendelea kufagia. Mwanaheri akashika upande wa pili wa dawati wakalisogeza.

Madam Theresia alihamishiwa Dumila mwanzoni mwa kidato cha nne. Mwalimu aliyemfuata alikuwa mtu mwema mwenye haraka ya kumaliza mada kabla ya mtihani wa taifa. Kamba ilitolewa ukuta ulipopakwa rangi, na hakuna aliyeirudisha. Kwenye kundi la darasa la WhatsApp baadhi yao walijaribu kuendelea, lakini kule majibu yalirudi kuwa vidole gumba na nyuso za kucheka, na wakaacha. Mwanaheri hakulalamika. Alifanya mtihani, akafaulu kwa kiasi, akapangiwa kidato cha tano mchepuo wa lugha. Drashti alikwenda kusoma Dar, kwa shangazi walewale wa kwenye simu, na huandika mara kwa mara kwamba sasa anawaona wakiwa wazima wazima na si kichwa tu, na kwamba nao wana mambo yao.

Kabla ya kwenda kidato cha tano Mwanaheri alipanda Kinole kuaga. Alimkuta Bibi uani anamenya ndizi. Akapiga magoti, akaamkia shikamoo, na Bibi alipokwisha kuitikia marahaba alimtazama kuanzia miguuni, polepole, kama anavyomtazama kila akija.

"Umekonda, mke mwenzangu," akasema.

Siku zote Mwanaheri alikuwa akilijibu hilo kwa kucheka, au kwa kusema shule, Bibi, au kwa kumsingizia Mama Zuleha. Mara hii aliketi kwenye kigoda, akachukua kisu cha pili na ndizi.

"Nimekonda, Bibi," alisema. "Ndivyo nilivyo. Sasa niulize lingine."

Bibi aliacha kumenya. Kwa kitambo ilionekana kama atakasirika, maana kwao mtoto hamwelekezi mkubwa la kuuliza. Lakini naye alikuwa mtu wa kupenda habari.

"Hilo lingine ni lipi?"

"Lolote."

Bibi alifikiri. Akauliza kule kwa mjomba analala na nani. Mwanaheri akamwambia analala na Zuleha mdogo, ambaye huota akiuza karanga na kurudisha chenji kwa sauti. Bibi akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga. Akauliza karanga anauza bei gani. Kisha akauliza shule anayokwenda iko wapi, na kama kuna baridi, na wanasoma nini hao wa lugha, na lugha hizo ni zipi ikiwa Kiluguru hakimo. Mwanaheri alijibu yote, na hakuharakisha. Alimsimulia kuhusu Madam Theresia na kuhusu msichana wa Kihindi aliyeamkia blauzi, na Bibi akataka kujua fundi alifumua wapi hasa, mbavuni au kwapani.

Ndizi zikaiva. Bibi alimpakulia lundo, kama kawaida yake. Mwanaheri alikula alichoweza, na kilichobaki Bibi akakifunika kwa sahani, akasogeza kigoda chake karibu, akauliza huyo mama wa Kihindi ana watoto wangapi.